Majvor Hedlöf na Vizingiti vya Amazon

Wasikilizaji wapendwa wa redio yetu, vuteni viti. Mwenye kahawa aimimine sasa hivi, maana leo sitaki mtu ainuke katikati.

Leo tunamkumbuka Majvor Hedlöf wa hapa hapa Färila. Majvor Hedlöf, mpishi wa shule yetu kwa miaka mingi. Alifariki wiki iliyopita, asubuhi, jikoni kwake, moyo ulisimama tu. Alikuwa na miaka sabini na minne. Nusu yenu mnaonisikiliza mmekula supu yake ya njegere kila Alhamisi. Mimi niliila, na niliwahi kufukuzwa kwa mwiko kwa kudokoa chapati za maziwa kabla ya kengele.

Lakini leo sizungumzii supu. Leo nazungumzia gari.

Mumewe, Sixten, mnamfahamu. Alikuwa fundi wa mashine pale kiwanda cha mbao. Fundi hodari, na mjuaji wa kupindukia. Mtu huyu angemrekebisha daktari wa meno huku kinywa chake kiko wazi. Gerejini kwake alikuwa na Volvo Amazon ya kijani, ya zamani, kutu imeila chini yote kwa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Kila mwaka alisema: nikistaafu nitalifungua lote, mpaka kwenye mifupa, kisha nilijenge upya. Nikistaafu. Tulilisikia neno hilo mpaka likatuchosha.

Akastaafu. Na mwaka ule ule akapatwa na kiharusi.

Mkono wa kulia ukalegea. Mguu akawa anauburuta. Na maneno, wasikilizaji wapendwa, maneno yakawa hayatoki sawasawa. Mwanzoni alijaribu. Kisha akaacha. Akakaa dirishani akitazama banda la kuni, kimya. Mtaalamu wa matamshi alikuja na kadi zenye picha za paka, kikombe, nyumba. Sixten alizichukua moja moja kwa mkono wa kushoto, akazilaza kifudifudi mezani. Yule mtaalamu alimwambia Majvor wazi: maneno bado yamo, lakini asipoyatumia yatapotea. Narudia, kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Maneno yalikuwamo. Asipoyatumia, yangepotea.

Barbro, mdogo wake Majvor, anaishi nyumba ya pili. Anakumbuka jioni ile dada yake alipokuja bila hata kubisha hodi.

"Aliniambia, 'Barbro, siku hizi naishi na kabati. Nalipenda, lakini ni kabati.' Halafu akalia. Nami nikalia. Halafu akapangusa pua akasema, 'Sasa basi. Kesho nalifungua lile gari.' Nikamwambia, 'Dada, wewe hata kubadilisha balbu unaniita mimi!' Akasema, 'Ndiyo maana.'"

Mnamwona Majvor hapo? Mimi namwona kabisa.

Kesho yake alimpeleka Sixten gerejini. Akamweka kwenye kiti cha mikono, blanketi magotini, hita miguuni. Akavaa ovaroli ya mumewe, miguu ya suruali ameikunja mara tatu. Akachukua spana, akaishika kama mwiko, akaanza kufungua bampa ya mbele. Boliti aliizungusha upande wa kukaza.

Sixten akaguna.

Hilo lilikuwa jibu la kwanza kutoka kwake baada ya wiki nyingi, na Majvor alilihesabu kuwa ni mazungumzo. Kuanzia hapo wakawa na lugha yao. Fimbo ya Sixten ya kutembelea ikigonga sakafu mara moja, hapana. Mara mbili, endelea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mama yule aliinama, wasikilizaji, akalala chali kabisa kwenye gunia, kutu ikimwangukia machoni. Bampa ikatoka. Taa zikatoka, viti, vioo, milango. Injini ikaning'inizwa kwa mnyororo. Kanuni ya Sixten ilikuwa moja: kifaa kikitoka, boliti zake zirudi papo hapo kwenye matundu yake, ili siku ya kujenga usibabaike. Majvor alizitupa zote kwenye mkebe mmoja wa aiskrimu. Za bampa, za mlango, za madigadi. Barbro anasema Sixten aligeuka rangi kama kamba aliyechemshwa, na fimbo ikagonga sakafu mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka.

Lakini neno? Hakuna.

Huku nje nako hakukuwa na huruma. Mnawajua wazee wetu wa kituo cha mafuta, wale wa magari ya kale. Mmoja alimwita mbele ya watu: "Mama Majvor! Ukimaliza kulichinja, nyama unauza kwa kilo?"

Naye hakumkawiza. "Wewe lako liko chini ya turubai tangu mwanao hajaota meno. Leo ana ndevu. Langu angalau limeona taa."

Sasa sikilizeni vizuri. Gari la namna ile linashikwa na vizingiti, yale mabomba mapana ya chuma yanayopita chini ya milango, kushoto na kulia. Vikiliwa na kutu lazima vikatwe. Lakini ukishang'oa milango, kabla hujakata, unafunga kwanza nguzo za chuma katika uwazi wa mlango, zishike bodi isilegee. Usipoweka nguzo, gari linapinda katikati, sawa na kitanda ukikikata ubavu huku mtu amelala. Na likishapinda, basi. Milango haitafunga tena maisha. Ni kosa la watu wa magereji ya nyumbani, na hapa kwetu kuna magari zaidi ya moja yaliyofia kwenye kosa hilo. Sitawataja. Mnajijua.

Siku hiyo Barbro alikuwapo, amekuja na chupa ya kahawa na mikate ya mdalasini. Anasimulia mwenyewe:

"Gari lilikuwa ganda tupu, limekaa juu ya vihimili vya chuma. Majvor akavaa miwani, akawasha grenda. Hakuna nguzo hata moja. Sixten akagonga fimbo. Majvor akajifanya hasikii, akainama. Akagonga tena. Lile jisu likakaribia kabisa chuma. Basi Sixten akatupa fimbo, akashika mkono wa kiti, akasimama. Akasema, 'Nguzo!' Neno lilitoka limepinda, lakini nililielewa. Halafu akarudia kwa sauti iliyojaa gereji nzima: 'Nguzo, mwanamke! Weka nguzo!'"

Majvor akazima grenda. Akavua miwani. "Umesemaje, baba?"

"Nguzo."

"Sijasikia vizuri. Nizime na hita?"

"Nguzo, we mkaidi!"

Barbro anasema dada yake alitoka nje, akaegemea kuni zake, akalia kwa kwikwi huku akicheka. Kisha akaingia, akaenda moja kwa moja nyuma ya friza ya pale gerejini, akatoa nguzo nne. Zimekatwa kwa kipimo. Zimetobolewa tayari. Alikuwa amezitengenezesha kwa mhunzi siku nyingi nyuma, akazificha pale. Asingelikata gari lile kamwe.

Kuanzia siku hiyo maneno yalirudi, na yalirudi kwa njia ya gereji. Kutu. Pole pole. Siyo hiyo. Sixten alisema "kabureta" kabla hajaweza kusema "Majvor", na mkewe aliwaambia watu kanisani kwamba anaionea wivu kabureta. Walijenga wawili: mdomo wa mmoja, mikono ya mwingine. Boliti za kwenye mkebe walizichambua majira yote ya baridi, huku Sixten akinung'unika kwa sentensi nzima nzima. Nadhani Majvor alizichanganya kwa makusudi pia. Na kiangazi cha pili Amazon ya kijani ilipita ukaguzi, ikaja kwenye mkutano wa magari ya kale, Majvor usukanini, Sixten pembeni akikosoa kila gia. Milango yake ilifungika kwa kusukumwa na kidole kimoja.

Juzi nilikwenda kumpa pole Sixten. Sasa anaongea, taratibu, maneno yanafuatana kama wazee wakivuka barafu. Barbro alipomaliza kusimulia habari ya nguzo zilizofichwa, mzee alitabasamu akitazama meza.

"Nilijua," akasema.

Barbro akaweka kikombe chini. "Ulijua nini, shemeji?"

"Nguzo. Niliziona. Yeye yuko dukani... mimi nimekwenda friza. Aiskrimu."

Nikamuuliza: mzee wangu, kama ulijua hatakata, mbona ulipiga kelele?

Akakizungusha kikombe chake kwa mkono wa kushoto.

"Niliona aibu," akasema. "Neno linatoka... limepinda. Bora kunyamaza. Lakini yule... kila siku chini ya gari. Kutu machoni. Ananiita. Mke wako anakuita hivyo, utamwachaje bila jibu?"

Na ulimwambia kwamba ulijua?

"Hata," akasema Sixten Hedlöf. "Alifurahi sana kunidanganya."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Sixten, kwa Barbro, na kwa ukoo wote wa Hedlöf: poleni sana. Färila nzima inalia pamoja nanyi. Na sisi tuliobaki, tujitazame majumbani mwetu. Huenda yupo mtu anayekuita muda huu, naye hatumii jina lako. Anagongagonga vyombo, anakosea kwa makusudi, anakusubiri. Neno lako likitoka limepinda, litoke hivyo hivyo. Mjibu angali anasikia.