Ukurasa Niliougeuza Kabla ya Wakati

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena, maana mara ya kwanza wale wa viti vya nyuma wameitika kama watu waliolazimishwa.

Mimi ni Njue wa Kibugu, yule anayewapigia piano hapa kila Jumapili. Leo nimeandika maneno yangu kwenye karatasi kwa sababu mnanijua. Nikiachwa niongee tu, naanza na ushuhuda namaliza na habari ya mbuzi wa marehemu baba. Lakini hata hapa mbuzi wamo, maana hao ndio walionitoa shule. Walikuwa wengi na mimi nilikuwa peke yangu, basi nikaishia darasa la tatu. Biblia ya Kiswahili naisoma, kidole chini ya mstari, taratibu, lakini naisoma. Shikeni hilo, litarudi.

Ndugu zangu, Mungu amenitoa kwenye uwongo. Si pombe, pombe niliacha zamani. Ni uwongo wa neno moja tu, na neno hilo lilinishika shingo miaka mitano.

Wazee wanamkumbuka yule mama mzungu aliyekuwa akifundisha watoto muziki nyumbani kwake hapo chini ya kanisa. Sisi tulimwita Misi. Nilianza kwake shambani, akanipandisha jikoni. Kila alasiri namenya viazi huku nasikia watoto wakikosea mahali palepale, leo, kesho, wiki nzima. Siku moja napangusa vumbi kwenye piano, nikapagusa mahali pale penyewe. Nikapacheza, kitambaa bado begani, bila kukosea. Kumbe Misi amesimama mlangoni!

Hakunifukuza. Alinifundisha piano, akanifundisha na chelo, ile fidla kubwa inayosimama chini kwa mguu wa chuma, unaikumbatia kwa magoti na kuipitishia upinde. Alinifundisha kwa sikio na kwa kunishika mkono. Lakini zile noti za kwenye kitabu, zile mbegu nyeusi zilizopandwa kwenye mistari mitano, alisema tutaanza kesho. "Kesho, Njue." Mama yake akaugua huko kwao, akaenda, na hakurudi. Aliniachia piano, chelo na sanduku moja la vitabu.

Hiyo ndiyo miaka ya tisini inaanza. Nikapigilia kibao kwenye mti wa uzio: MWALIMU WA PIANO NA CHELO. Jirani yangu Mama Ireri alicheka mpaka akakaa chini. Kila nikishika chelo anapaza sauti ng'ambo ya ua, "Njue! Huyo ng'ombe anazaa leo ama tulale tu?" Lakini watu walikuja. Karani wa Embu akaleta watoto wake, na wenye mashamba ya chai nao wakaleta wao. Mzazi wa kwanza kabisa aliniuliza, "Mwalimu, noti unazisoma?" Mimi nikamjibu, "Kama gazeti."

Neno lenyewe ndilo hilo. Gazeti lenyewe hata silisomi!

Nilijifichaje? Nilifungua kitabu mbele yangu, nikazungusha macho. Misi alikuwa anageuza kurasa kwa kidole chenye mafuta ya kupaka mikono, kwa hiyo kila pembe ilikuwa na doa. Kwa kumsikiliza Misi akicheza nilijua wimbo ukifika wapi doa linashikwa, nageuza. Mtoto akiuliza, "Mwalimu, hii noti ni gani?" namjibu, "Wewe usitazame karatasi, sikiliza." Akiniuliza mara ya pili, nakuwa mkali. Mkitaka kumjua mwalimu anayeficha kitu, tazameni anakasirikia swali gani.

Na hapa niseme jambo baya. Kulikuwa na kijana mmoja, Mwalimu Gitonga, mtu wa Kiirua kule Meru, alikuwa amepelekwa kufundisha shule yetu ya msingi. Alitaka kujifunza piano ili akapige kanisani kwao. Huyo alikuwa amefundishwa noti kidogo chuoni. Akaniuliza swali moja mara tatu, kwa adabu, mbele ya watoto. Niliogopa jamani! Nikamwambia, "Gitonga, una kichwa kigumu. Rudi kwenu ukalime viazi." Watoto wakacheka. Alifunga daftari lake, akasema, "Asante, mzee," akaenda. Muhula uliofuata akahamia kwao. Mimi nikamshukuru Mungu kwamba ameondoka. Oneni hapo, nilimshukuru Mungu kwa dhambi yangu!

Sasa ndio tunafika kwa Wanja. Baba yake alikufa akiwa mdogo, mama yake akawa anachuma majani chai ya watu, na mgongo ukaanza kumkataa. Wanja alishika chelo kana kwamba alizaliwa nayo. Hata Mama Ireri alinyamaza akicheza huyo. Basi tukasikia chuo kimoja cha walimu wa muziki kitachukua mtoto mmoja kutoka sehemu zetu, asomeshwe bure mpaka amalize. Mtihani utafanyiwa Embu mjini, kwenye ukumbi wa kanisa moja. Fomu ikaja. Ilikuwa na swali: mwanafunzi anasoma noti? Nikaandika Ndiyo. Nikatia sahihi. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Mama Wanja akatangaza kwenye kituo kizima cha kupimia majani chai, huku kikapu bado mgongoni. "Wanja wangu atakuwa mwalimu! Hatainama kwenye chai kama mimi!" Akikutana nami njiani ananishika mikono yote miwili. Mimi natazama chini, anadhani ni unyenyekevu.

Wiki mbili kabla ya mtihani Wanja akaniuliza, "Mwalimu, wanasema kuna wimbo wa kusoma papo hapo, ambao mtu hajawahi kuuona. Tutaanza lini?"

Nikasema, "Kesho."

Ndugu zangu, nilijisikia nikilisema. Tangu saa hiyo chakula kilinikataa, usingizi ukanikimbia. Nikiomba, maombi yanafika kwenye mabati yanarudi. Mke wangu akaniuliza, "Baba Muthoni, ni kitu gani kinakutafuna?" Nikasema ni baridi. Mnajua baridi ya Kibugu inavyosingiziwa!

Siku ikafika. Mvua ilipiga tangu alfajiri. Tukafunga chelo kwa blanketi na karatasi ya nailoni ya kufunikia majani, tukashuka Embu, Wanja, mama yake na mimi. Mama Wanja alikuwa amefunga kitambaa kipya cha kichwa, cheupe, akakaa kiti cha nyuma kabisa akitabasamu kama bibi harusi.

Mtahini alikuwa mama mmoja wa Nairobi, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Mimi ndiye nilikuwa nimsindikize Wanja kwa piano. Nikatoa kitabu cha Misi, kimelowa chapachapa. Yule mama akasema kwa upole, "Mwalimu, tumia changu. Ni wimbo huohuo."

Wimbo ulikuwa uleule, ndiyo. Lakini kitabu kilichapishwa kwingine, na mimi sikujua kwamba wimbo mmoja unaweza kuvunjwa kurasa mahali tofauti!

Tukaanza. Wanja akacheza mpaka watu wa mlangoni wakanyamaza. Mimi nasikiliza, nasikiliza, doa la Misi likafika sikioni mwangu, nikageuza. Mtahini alikuwa amesimama begani kwangu. Nikamsikia akivuta pumzi. Nilikuwa nimegeuza wakati mistari miwili mizima ya ukurasa ule bado haijachezwa, na vidole vyangu vinaendelea kuicheza sawasawa.

Alituacha tumalize. Kisha akaurudisha ukurasa, akauliza, "Mwalimu, hebu nionyeshe kwa kidole. Wanja alianzia wapi pale aliposhuka kwenye sauti za chini?"

Nikainua kidole. Wapendwa, kidole hiki! Kikabaki hewani juu ya zile mbegu nyeusi kama kuku anayetafuta pa kudonoa. Mvua inapiga mabati.

Ndipo Wanja akasema, kwa sauti iliyotulia kabisa, "Mwalimu alisahau miwani yake nyumbani."

Mimi sijawahi kuwa na miwani maishani mwangu.

Nikageuka nikamtazama. Hakunitazama, alishika upinde wake kwa nguvu. Nikaelewa kwamba anajua, na kwamba hata lile swali lake la "Tutaanza lini?" lilikuwa la kunipa nafasi ya kusema ukweli. Mtoto huyu anajua, na anasema uwongo mbele za Mungu, siku ya maisha yake, kwa ajili yangu. Nilikuwa nimemfundisha chelo, na bila kujua nikamfundisha na ile kazi yangu nyingine.

Jamani, Roho alinisimamisha! Sikusimama mimi. Kiti kilianguka nyuma. Nikasema, "Mama, mtoto amedanganya kwa sababu yangu. Miwani sina. Noti sijui hata moja. Ile fomu nilitia sahihi uwongo. Huyu hasomi kwa sababu mwalimu wake hasomi. Mnihukumu mimi, msimhukumu yeye."

Mtahini akamuuliza Wanja, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi," akasema. "Panya walikula nusu ya ukurasa, na mwalimu akaendelea kuisoma ile nusu iliyoliwa."

Mtu mmoja mlangoni akacheka. Mama Wanja hakucheka. Alikifungua kile kitambaa cheupe, akakikunja kidogo kidogo mpaka kikaingia kiganjani, akaja mbele. "Njue," akasema, "umeniua mimi na mtoto." Afadhali angenipiga.

Msinielewe vibaya. Hapakuwa na muujiza wa papo hapo. Mtahini alisema sheria ni sheria, hawezi kuandika kwamba mtoto anasoma na hasomi. Lakini akasema pia kwamba atapita Embu tena baada ya miezi mitatu kutahini wengine, na kama nafasi itakuwa bado, atamsikiliza. "Siahidi," akasema. Akampa Wanja kijitabu chembamba cha watoto wanaoanza.

Na usiku ule nililala! Mara ya kwanza kwa wiki mbili nzima. Kila mtu Kibugu alikuwa anajua aibu yangu na mimi nakoroma. Hapo ndipo nilijua nimefunguliwa.

Lakini kijitabu kile nani atatusomea? Mtu niliyemjua ni mmoja tu, na ndiye nilimwambia akalime viazi. Nikaenda Kiirua. Nikamkuta Gitonga shambani kwake, na kweli, jembe mkononi, anapalilia viazi! Akaniona, akaegemea jembe.

"Mzee Njue. Umekuja kuona kama nililima?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Na kingine?"

"Nimekuja kujifunza noti."

Alikung'uta udongo kwenye jembe. Nikasema, "Wewe hukuwa na kichwa kigumu, Gitonga. Mimi ndiye nilikuwa mwoga." Kisha mdomo ukaanza kumcheza pembeni. "Shule ikifunga nitakuja," akasema. "Tutaona kichwa kigumu ni cha nani."

Alikuja. Likizo yote tulikaa benchi moja, mimi na Wanja, Gitonga nyuma yetu na kijiti. Watoto wangu wengine wanachungulia dirishani. Mama Ireri anaita, "Njue, umerudi darasa la tatu?" Namjibu, "La kwanza, mama!" Wanja alishika upesi, maana sikio lilikuwa tayari, macho yakalifuata. Mimi nilitokwa na jasho. Nikiweka kidole chini ya noti kama ninavyosoma Biblia, Gitonga anasema, "Wacha tu, mzee, hata hivyo utafika."

Miezi mitatu hiyo Mama Wanja hakunisalimu. Ananipita njiani kama mti.

Tukarudi ukumbi uleule. Mtahini akaweka karatasi ambayo Wanja hajawahi kuiona, akarudi nyuma. Safari hii mimi sikuwa kwenye piano, nilikaa kiti cha nyuma, kiti kimoja kati yangu na Mama Wanja. Wanja akatazama karatasi. Akatazama tena. Nikahesabu pumzi zangu. Akaweka upinde, akaanza, akafika mahali akakosea. Akatulia. Akarudi mstari uleule, akausoma upya, akaendelea mpaka mwisho.

Yule mama akavaa miwani yake, akaandika. Akasema, "Huyu anasoma." Na nafasi ilikuwa bado ipo. Bwana asifiwe! Ilikuwa bado ipo!

Mama Wanja alitoa kile kitambaa cheupe mfukoni, akakifunga kichwani, akakaza fundo. Kisha akanigeukia. "Njue," akasema, "inuka twende nyumbani, mvua inakuja." Nimeombewa na maaskofu, wapendwa, lakini baraka kama ile sijapata.

Wanja sasa yuko chuoni. Mimi bado nafundisha, na mtoto akiniuliza noti nisiyoijua namwambia sijui, ngoja tuitafute.

Ndugu yangu, dada yangu, labda na wewe una kitabu umekifungua mbele ya watu na hukisomi. Unageuza tu kwa mazoea, unaogopa aje mtu asimame begani. Umekuwa ukimwambia Mungu kesho. Mwambie leo. Aibu utaipata, sikudanganyi, mimi niliipata ukumbi mzima. Lakini Yeye anabaki mle ndani ya aibu pamoja nawe, na nje ya hapo kuna usingizi. Mtegemeeni, hatawaacha na kidole hewani.

Namshukuru Mungu, namshukuru mke wangu, namshukuru Mwalimu Gitonga aliyekuja leo kutoka Kiirua na amekaa pale. Ameniwekea hapa juu ya piano wimbo ambao sijawahi kuuona wala kuusikia. Nitaucheza sasa. Nikisimama katikati, msinionee huruma na msicheke, hasa wewe Mama Ireri. Mjue tu kwamba ninasoma.