Kidole Gumba cha Ansel Thurlow, Mtunza Mizinga

Leo, tarehe 4 Julai 1896, Ansel Thurlow, mtunza mizinga wa ghala la silaha la hapa Marlin Falls, Ohio, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi. Minne ya kwanza aliitumikia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwenye kombania yetu ya mizinga ya kujitolea. Iliyobaki ameimaliza akiung'arisha mzinga uleule wa vitani na kuwafokea wanaotundika kofia zao juu yake.

Tulijiandikisha pamoja mbele ya kinu cha unga cha Bwana Pruitt. Siku hizo wanaojitolea walijichagulia maofisa, nasi tukampa Pruitt ukapteni kwa kuwa alikuwa na sauti kubwa na pipa la pombe ya matofaa. Mizinga hakuijua hata kidogo. Kwenye karatasi tulikuwa rejimenti nzima ya kombania kumi na mbili, lakini kila kombania ilipelekwa upande wake, na kanali wetu hatukumwona tena hadi vita vilipokwisha. Maskini, alikuwa kanali asiye na hata mzinga mmoja.

Ugomvi uliletwa na kugawana kazi. Kila mtu alitaka kuwa Namba Nne, yule anayevuta kamba mzinga ukalia. Ansel aliomba Namba Tatu, kazi isiyo na sifa: kuziba kwa kidole gumba kitundu cha kuwashia, wakati Namba Moja anasafisha mtutu na kushindilia baruti. Akikiachia, hewa inapita, cheche zilizobaki ndani zinaamka, baruti inalipuka, na Namba Moja anapoteza mikono. Namba Moja nilikuwa mimi, Hiram Stoddard, mpiga fidla wa harusi za mji huu.

Luteni wetu alipofariki kwa homa ya matumbo, kombania nzima ilimchagua Ansel achukue nafasi yake. Akakataa palepale.

“Cheo kizuri, jamani, ila Hiram nimwachie nani? Nyie mkiungua na kahawa tu mnaita mama zenu!”

Tulicheka sana. Kapteni Pruitt alinuna siku nzima, maana alikuwa ameshamwagizia upanga.

Kisha ikaja asubuhi ile ya Tennessee. Tulikuwa tumepiga mfululizo hadi shaba ya mzinga haigusiki, na kifuko cha ngozi anachovaa Ansel kidoleni kikaungua na kutoboka. Baruti ilikuwa imeshaingia, mti wa kushindilia ukiwa mikononi mwangu. Nikasikia harufu ya nyama inayoungua. Nikaganda.

“Unashangaa nini? Shindilia, mpumbavu we!”

Nikashindilia. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye ndevu, lakini kidole hakukiondoa hadi niliporuka pembeni nikiwa mzima.

Tangu siku hiyo kidole hicho hakisikii kitu. Hukichovya kwenye supu ya moto mbele ya wageni ili wapige kelele, na mkewe Lavinia amechoka kumkemea. Nimepiga fidla kwenye harusi yake na za binti zake wote. Kila nikitaka kumshukuru ananikatiza na kuniuliza habari za kuku wangu. Nampenda mtu huyu kuliko ndugu zangu wa damu, nao wapo hapa, watanisamehe.

Mchana huu tutapiga mzinga wa kumuaga. Kila Julai tangu vita viishe amemkataza mwingine yeyote asiguse kitundu kile, na jana alinitangazia kwamba hata leo atasimama palepale pake. Hapana, Ansel. Ratiba imeshachapishwa, huna pa kubishia: leo Namba Moja ni wewe, Namba Tatu ni mimi.

Asante kwa mikono hii miwili. Sisi wa ghalani tunakuombea wewe na Lavinia afya, raha na asubuhi ndefu zisizo na moshi. Sasa shika mti, shindilia bila wasiwasi. Nimeziba.