Zamu ya Kitanda cha Dirishani

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Nesi Dirisha, na mniwie radhi nikienda mbiombio, kwa sababu mwenyewe hakuwahi kwenda polepole, na kuna jambo lake moja halijaisha.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1959, katika chumba kimoja nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza kati ya wanne, uani saruji tupu isipokuwa kopo la maziwa ambamo mama alipanda mnanaa, na kila alipopotea alikutwa hapo, amechuchumaa, anapiga soga na kopo. Alianza shule Januari 1967, akawachosha walimu watatu kwa kutotulia, mpaka wa nne akamhamishia dirishani penye tawi la mti, na ajabu ya Mungu, mtoto akatulia, na kusoma akajua.

Alihitimu uuguzi Novemba 1981, akapangiwa wodi ya upasuaji ya wanaume, ambamo kitanda kimoja tu ndicho kilichouona mwarobaini wa uani. Basi akaanzisha zamu, kila asubuhi akivisukuma vitanda, magurudumu yakilia, watu wazima na ndevu zao wakigombania dirisha, na hapo ndipo alipopata onyo lake la pekee kazini, kwani siku moja alihamisha vitanda akasahau kadi za wagonjwa zilizotundikwa ukutani, na mzee aliyeruhusiwa kwenda nyumbani, viatu keshavaa, nusura apelekwe kupasuliwa badala ya jirani yake. Aliomba radhi, akazifunga kadi kwenye vitanda vyenyewe, na kesho yake akasukuma tena.

Hakuwa mtu wa mahubiri, ila akiulizwa alisema kwamba mgonjwa akiona kitu kinachotoa jani jipya hukumbuka kuwa hata yeye bado anaishi, na kwamba mkono uliozoea kukata mti bila kuuliza, ipo siku utamkata mtu bila kuuliza, maneno ambayo madaktari wa upasuaji hawakuyapenda hata kidogo.

Tarehe 22 Juni 1985 alifunga ndoa na seremala, na mkicheka hatuwalaumu, hata sisi tulicheka, kwa kuwa kila ubao ulioingia nyumbani aliuhoji ulikotoka, mpaka shemeji yetu akaona yasiwe mengi, akawa anapanda mche kila anapouza kabati. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni dereva, na kijana ambaye ni fundi cherehani, na wote wawili hawajui kukaa kitako, mnawaona wenyewe.

Alistaafu mwaka 2019, na Februari 2023 figo zikaanza kumsumbua, akalazwa wodi ya wanawake, ukuta kwa ukuta na ile yake, uso ameelekezwa ukutani, akahangaika mpaka wauguzi aliowafundisha, pamoja na binti yake, wakakisukuma kitanda dirishani. Aliuona mwarobaini, na kwenye shina akaona rangi nyekundu, alama ya mti unaosubiri msumeno, maana hapo panatakiwa maegesho ya magari. Tangu hapo usingizi ukamruka, akamuuliza mfagiaji, akamuuliza daktari, akamuuliza hata mpima presha, mti unakatwa lini na nani kasema, na kila mmoja akamwambia apumzike. Alifariki tarehe 11 Mei, asubuhi, bila kujibiwa, na hilo linatuuma sana.

Tunawashukuru madaktari waliompigania, majirani waliobeba viti na maji, na wafanyakazi wenzake waliokesha naye, tunamshukuru pia mkuu wa hospitali, ambaye namwona pale mstari wa mbele, na kwa heshima zote, kwa kuwa aliyekuwa akiuliza hayupo, tunamuuliza sisi, nani kasema mti ukatwe, maana tumesikia msumeno unakuja Jumatatu. Familia haihitaji mashada ya maua. Aliyewahi kulala kwenye kitanda kile cha dirishani, au ambaye baba yake au mumewe alilala hapo, Jumatatu asubuhi aje uani, asimame chini ya mti, hana haja ya kusema kitu.

Dada, umehangaika vya kutosha, sasa ni zamu yetu. Pumzika kwa amani.