Tikiti ya Kundi, Nusu Bei

Ngassa, msomi wa bweni na mchunguzi mkuu wa tabia za wanadamu, alijifanya amelala ndani ya basi la Bariadi ili asikilize ya wenzake.

"Bembea za umeme zimefika Somanda," Minza, muuza mitumba, alimwambia mama wa kiti cha pili. "Kundi la ngoma la watu kumi linalipa nusu. Sisi Wagika tuko tisa. Jiunge, dada."

"Mimi Mgalu, wapinzani wenu."

"Tunazunguka tu, hatuchezi."

"Kule juu ukoo mzima utaniona nimekaa na Wagika."

Ngassa akacheka. Minza akageuka. "Umeamka, mdogo wangu? Basi wewe ndiye wa kumi."

Basi likasimama. Ngassa, anayewahutubia wenzake bwenini kuhusu ushujaa, akakiri, "Dada, mimi bembea naiogopa."