Besi ya Fundi Kesho

Benchi la kijiwe lina miguu mitatu na tofali moja, limeegemea duka la kushonea la Fundi Kesho, na nyuma ya duka ndiyo nyumba yake. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na wateja, kwa sababu zilizo wazi. Saa tisa hii kahawa imebaki nusu birika na Fundi amenywea kwa huzuni. Siku sita zilizopita alinunua sabufa, sanduku la kutoa sauti nzito ya besi, aiunge na spika zake mbili za sebuleni, na besi haisikiki. Mkewe ametamka: ikifika saa kumi sanduku bado bubu, linarudi dukani. Hajui linavyomuuma mumewe. Ujanani Fundi alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya kiwanda cha sabuni, wakarekodi wimbo mmoja. Miaka ishirini na miwili ya ndoa anamwekea mkewe wimbo ule, na spika zile ndogo hutoa kila kitu isipokuwa yeye. Mke haamini hata kidogo kwamba yumo.

— Nimelihamisha kona zote nne, alilalamika Fundi. Ya mwisho ni leo mchana, na hata sasa nimeacha wimbo wetu unapiga na kujirudia. Nikikaa kwenye kiti changu, kimya!

— Swichi ya nyuma umegeuza? aliuliza Volti, fundi umeme ambaye kwake anawasha mishumaa.

— Nimegeuza. Nimepandisha, nimeshusha. Wapi!

— Basi ni uzito, kaka. Besi ni nzito, ikitoka tu inaanguka sakafuni. Ilitakiwa ulale chini.

— Jana nimelala. Mke wangu akaniletea dawa ya tumbo.

Profesa, aliyefundisha jiografia miaka thelathini na hajakubali kwamba amestaafu, alikohoa.

— Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Lako halivumi. Maana yake?

— Maana yake nini?

— Limejaa! Fungua, utoe vilivyomo.

— Profesa, ndani kuna spika!

— Umeona? Nilijua tu kuna kitu.

Volti alijimiminia kahawa, akasogea karibu kama mtu mwenye siri ya serikali.

— Mimi nasema ni wivu. Zile spika mbili zimekaa pale miaka ishirini na miwili. Leo unaleta jitu nene, unaliweka katikati yao. Likitoa sauti, zinaimeza.

— Mgeni siku mbili, Profesa alidakia. Ya tatu mpe jembe. Sabufa ina siku ngapi?

— Sita.

— Mpe jembe!

— Nilipe jembe, lilime nini?

— Jembe apewe nani?

Wote watatu waliruka wima. Mama mkwe wa Fundi, aliyefika juzi kumtembelea bintiye, alikuwa amesimama nyuma yao na kisu cha vitunguu mkononi.

— Shikamoo mama! Fundi alisema, jasho likimtoka.

— Marahaba, baba. Nimekuja kukuomba upunguze hiyo ngoma. Vifuniko vya sufuria vinacheza jikoni.

— Jikoni? Mama, unaisikia besi?

— Naisikia mpaka kwenye magoti.

— Mbona kwenye kiti changu hamna kitu?

Mama mkwe alimtazama mkwewe kwa huruma.

— Siku sita mnazunguka na sanduku, baba. Kwani kiti kimepigiliwa misumari?

Profesa alichungulia ndani ya kikombe chake. Volti alikagua nyaya za nguzo ya umeme. Kiti cha mwenye nyumba kilikuwa katikati ya sebule tangu siku ya ndoa, na kukisogeza hakukuwahi kumwingia mtu akilini.

Saa kumi kasoro dakika tano kiti kilifika mlangoni pa jikoni, Profesa akiamrisha, wengine wakibeba. Fundi akaketi. Ikamjia palepale, nzito na tamu, ikamtetemesha kifua, na furaha ikamjaa hadi machozi yakamlengalenga. Mkewe, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia jikoni kutoka uani kuosha vyombo, alitulia na sahani mkononi, akisikiliza. Kwenye ubeti wa pili bendi nzima iliingia pamoja. Gitaa la besi likazubaa, kisha likaja nyuma mbiombio kuwafukuzia wenzake.

Mkewe alicheka mpaka sahani ikamponyoka ikazama kwenye beseni.

— Ni wewe! alisema. Mume wangu, kweli ni wewe! Nani mwingine angechelewa hivyo?