Kizibo cha Sikio Bovu

BINTI: Haloo? Nani mwenzangu?

BABA: Mimi baba yako. Hii simu ya mama, yangu imeisha chaji.

BINTI: Shikamoo, Baba.

BABA: Marahaba. Hujambo?

BINTI: Sijambo. Baba, mara ya nne leo! Asubuhi uliniuliza nyundo iko wapi. Nyundo yako, nyumbani kwako! Niko kiwandani, nina kola arobaini za kushona, msimamizi ananikodolea—

BABA: Huo mlio ni cherehani?

BINTI: Ndiyo. Haya, sema.

BABA: Nakusalimu tu. Huko kunanyesha?

BINTI: Baba!

BABA: Basi, basi. Mumeo mzima?

BINTI: Mzima, kama nilivyokujibu ulipopiga saa nne. Hivi kwa nini siku hizi unaongea kwa spika? Mama kanieleza.

BABA: Mama yako mdomo hauna breki. Yuko nje anaanua nguo.

BINTI: Jumamosi mlikwenda kuwinda nguruwe pori. Vile vizibo vya masikio nilivyokuletea, ulivivaa?

BABA: Nilivivaa.

BINTI: Vyote viwili?

BABA: [mkwaruzo] ...mtandao unakatakata huku—

BINTI: Mtandao usiusingizie! Vyote viwili?

BABA: Kimoja.

BINTI: Sikio gani?

BABA: La kushoto. Si ndilo bovu, linalopiga kengele mwaka wa tisa huu? Mgonjwa ndiye anayefunikwa. La kulia nililiacha wazi nimsikie mnyama akikanyaga majani.

BINTI: Mungu wangu! Umemfunika maiti shuka, aliye hai umemwacha kwenye baridi!

BABA: Usinifokee. Nimeanza kuwinda kabla hujazaliwa—

BINTI: Na kabla sijazaliwa ulikuwa unasikia! Nimechoka, Baba. Nilizunguka mji mzima kuvitafuta, nikakufundisha kuvisokota na kuvitia sikioni, ukaitikia ndiyo, ndiyo. Kumbe sikio la kufa halisikii dawa. Na la kulia likoje?

BABA: Lipo tu.

BINTI: Nakuuliza, Baba.

BABA: Kule porini jirani niliyekwenda naye alifyatua bunduki hapa hapa, ubavuni mwangu. Tangu hapo nalo linalia. Kali kuliko la kushoto. Leo siku ya tatu sijalala.

BINTI: Siku tatu! Halafu unaniuliza mvua?

BABA: Ukiongea, linapungua.

BINTI: Nini?

BABA: Ukiongea. Na hiyo cherehani yako. Nyumba ikinyamaza, mwanangu, naogopa. Sikutaka mama yako ajue. Ndiyo nikakupigia kwa kisingizio cha nyundo.

BINTI: Nyundo ilikuwa wapi?

BABA: Mkononi.

BINTI: Sikiliza. Nikitoka kazini nakuja. Kesho asubuhi tunakwenda kliniki ya masikio, na hunibishii.

BABA: Lakini kesho—

BINTI: Hunibishii! Na ufunguo wa kabati la bunduki unakaa kwangu. Bado nimekasirika, ujue.

BABA: Foka tu. Ukifoka ndiyo linapungua kabisa.

BINTI: Msimamizi huyo anakuja. Siwezi kuongea tena.

BABA: Haya, mwanangu, kwaheri, kazi nj—

BINTI: Usikate! Naificha simu kwenye vitambaa, pembeni ya cherehani. Mimi nashona. Wewe sikia tu.

BABA: [cherehani inakwenda] Hapo. Hapo hapo. Usiache kush—

[Mlio mfupi. Salio limekwisha.]

BABA: Haloo? Haloo? ...Mke wangu! Ziache hizo nguo, njoo ndani. Njoo ukae hapa uongee. Chochote.