Nyenje wa Kilo Sabini: Eleuterio Zamarripa Ochoa, 1949–2019

Ndugu, majirani, na ninyi wanamieleka mliokuja na barakoa zenu usoni, leo tunamsindikiza kaka yangu Eleuterio, Teyo wetu, ambaye ulingoni mlimjua kwa jina la Nyenje.

Marehemu alizaliwa tarehe 18 Aprili 1949 hapa Gómez Palacio, mtoto wa tatu wa Mzee Crispín, mpimaji wa pamba kiwandani, na Mama Eduviges. Alisoma hadi darasa la sita. Shule haikumtaka, naye hakuibembeleza. Alikuwa mdogo wa mwili, mwingi wa maneno. Baba alimpandisha kwenye mizani ya pamba akimtania, "Hata nusu robota hufiki."

Alianza mieleka mwaka 1967. Mwaka 1978, mjini Torreón, alitwaa mkanda wa uzani mwepesi wa Kaskazini mwa Mexico, ambao anayeugombea hatakiwi kuzidi kilo sabini. Tarehe 12 Mei 1979 alimuoa wifi yangu Obdulia. Siku ya harusi sote tulikula asado ya nguruwe mpaka tukachoka, yeye akalamba ndimu, maana Jumapili alikuwa na pambano. Wifi hajamsamehe hadi leo.

Kisha mambo yakageuka. Miaka ya tisini televisheni ilitaka majitu. Vijana wakanyanyua vyuma mpaka miili yao ikafika kilo tisini, wenzake wa uzani wake wakastaafu mmoja mmoja, kaka akabaki bingwa asiye na mpinzani.

"Teyo, rudisha mkanda tuuweke kabatini," promota alimwambia.

"Bingwa anaondoka mgongo chini. Lete mtu anilaze."

Ndiyo desturi yetu: anayeondoka humwachia mwenzake ushindi ulingoni, mabega yote mawili chini, refa akihesabu hadi tatu. Mtu hakuletwa. Zaidi ya miaka ishirini kaka alijinyima tamale za Krismasi ili asizidi uzito.

"Nani atakuja kukupima, mzee wewe?" wifi alimuuliza.

"Kesho anaweza kuja."

Na aliyefaa alikuwa akila naye meza moja. Binti yake Nieves, mwanamieleka, aliliomba pambano hilo mara nyingi. "Ninyi wanawake mna mikanda yenu," alimjibu. Kaka alikuwa mbishi, Mungu anisamehe, na nilimpenda hivyo hivyo.

Januari mwaka huu mapafu yalimlaza hospitalini. Mchana wa tarehe 6 Machi alimwita binti yake.

"Nieves, una kilo ngapi?"

"Sitini na mbili, Baba."

"Basi njoo unilaze. Sitaki kufa na mkanda."

Nieves akambana mabega, taratibu. Muuguzi akapiga godoro: moja, mbili, na kaka akanyanyua bega.

"Unanibembeleza," alisema. "Nibane kweli."

Safari hii binti alimlalia kifuani huku analia, na hesabu ikafika tatu. Kaka akaushika mkono wa Nieves akauinua mwenyewe. Alifariki kesho yake asubuhi.

Ameacha mjane, Obdulia, watoto wawili, Crispín na Nieves, wajukuu wanne, na mimi dada yake, Herlinda.

Nieves amekuja leo bila mkanda. Anasema anaona haya, eti baba yake alimwachia tu. Mwanangu, uvae. Shangazi yako nilikuwa nimesimama upande wa pili wa kitanda. Nilimwona akijaribu kunyanyua bega tena, kwa nguvu zake zote, na hakuweza.

Kaka Teyo, Mungu akulaze pema, upumzike kwa amani.